Naombeni ushauri: nyumba ya kwenye riwaya yangu ina mwenyewe

Kalamu Kavu (mleta uzi)
Wakuu, habari zenu. Mimi naandika riwaya za mahaba na taharuki. Mbili zimeshatoka, ya tatu mhariri anaisubiri na nimebakiwa na mwezi mmoja na siku kidogo. Riwaya mbili za kwanza niliziandika chumbani kwangu, nyumba nikabuni, barabara nikabuni, na wasomaji hawakunificha: mapenzi yapo, hofu hakuna. Mmoja alisema jumba langu la kutisha lilimkumbusha ukumbi wa mikutano.

Safari hii nikasema nitafute mahali pa kweli. Nimepata nyumba ya zamani, iko peke yake juu ya kilima, nyuma yake maji, njia ya kufika ni moja na mvua ikikolea haipitiki. Simu inashika mtandao ukisimama dirisha moja tu. Yaani kila ninachokitaka kipo.

Swali langu: inafaa kuitumia nyumba ya kweli kama ilivyo, au ni lazima niigeuze? Na ninyi mnaoandika mandhari mnayatoa wapi? Maana tangu niipate hiyo nyumba kalamu imegoma, na usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu.

Mpita Njia
Wa kwanza leo. Nakaa hapa mbele nisubiri wajuzi.

Bibi Riwaya
Mwanangu, usihangaike, wenzako wameshapita huko. Mwandishi Mwingereza Daphne du Maurier aliiona nyumba ya Menabilly kule Cornwall, Uingereza, ikiwa tupu, mimea inayotambaa imeifunika hadi madirishani. Akawa anaiingilia bila ruhusa kama mwizi. Halafu mumewe mwanajeshi akapelekwa Misri, naye akiwa Alexandria, joto limemchosha na kwao amekukumbuka, akaanza kuiandika riwaya yake Rebecca, ikatoka 1938. Unaona? Nyumba aliiandika akiwa mbali nayo. Wala hakuiweka nzima nzima: sehemu ya ndani aliichukua kwenye Milton Hall, jumba alilolitembelea utotoni. Mwaka 1943 akapanga Menabilly yenyewe, akakaa zaidi ya miaka 20, lakini haikuwa yake hata siku moja, na mwisho akatolewa.

Kwa hiyo changanya nyumba mbili, na jina uligeuze. Mahali pakiwa na nguvu msomaji anashikwa mapema. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, 1960: mahali pameshakaa kwenye jalada, hujafungua hata ukurasa.

Enzi zangu nilisoma vitabu hivi kwa taa ya kibatari hadi mama akanificha kiberiti. Macho haya ndiyo yaliyolipa.

Komeo
Mimi si mwandishi, ni fundi wa milango, ila mke wangu husoma hivyo vitabu kwa sauti kitandani na mimi naumia. Juzi mdada kafungiwa chumbani, analia kurasa sita. Mlango umeelezwa wazi kwamba unafunguka kuelekea ndani. Jamani! Mlango unaofunguka ndani, bawaba ziko ndani. Chukua kijiko na kiatu, gonga pini kutoka chini, zikitoka mlango unauvuta kwa upande wa bawaba, unaondoka zako. Nikamwambia mke wangu huyo hajafungiwa, amependa kukaa. Tumenuniana hadi asubuhi.

Ukipata nyumba, kwanza angalia milango inafunguka upande gani na funguo anakaa nazo nani.

Kalamu Kavu
Komeo, umeniokoa. Sura ya 14 mdada wangu amefungiwa stoo na nilikuwa sijui namtoaje. Namtoa hivyo hivyo, kwa kijiko.

Taa ya Chemli
Mimi napinga hii habari ya lazima uende. Bram Stoker, aliyeandika Dracula, hakuwahi kukanyaga Transylvania anakotoka huyo mnyonya damu wake. Aliitoa maktaba, kwenye vitabu vya wasafiri na ramani, na mpaka leo watu wanakata tiketi kwenda kuiangalia. Ila niwe mkweli, Whitby, mji wa pwani ya Uingereza, alifika, 1890, akakaa kwa mapumziko. Pale akapata habari za meli ya Kirusi, Dmitry, iliyokwama ufukweni 1885. Akaigeuza herufi chache ikawa Demeter, akampakia mtu wake humo. Basi chukua meli, usichukue mji mzima.

Halafu mtandao wa simu kukatika kila riwaya mmeuchosha. Mpeni mtu simu yenye chaji na mtandao, na bado asiwe na wa kumpigia. Hapo mimi ningeogopa.

Shangazi Kiona
Mleta uzi, mwenye nyumba anajua kwamba unaiandika?

Kalamu Kavu
Shangazi, mwenye nyumba ni mtu mstaarabu sana, kwa hilo sina wasiwasi.

Shangazi Kiona
Nimekuuliza anajua au hajui, unaniambia ni mstaarabu.

Mpita Njia
😂😂 Shangazi hana mchezo.

Kalamu Kavu
Hajui. Lakini naombeni mnielewe. Ukimwambia mtu "mimi ni mwandishi, nataka kuiangalia nyumba yako", anaanza kuigiza. Anafagia, anaficha vitu, anakupa hadithi aliyoipiga pasi. Nilitaka kuiona nyumba ikiwa haijui inaangaliwa. Nilikwenda na dalali kama mpangaji, kwa sababu upande wa nyuma kuna vyumba viwili alikuwa anapangisha.

Shangazi Kiona
"Nilikwenda." Ukaangalia, ukarudi?

Kalamu Kavu
Niliangalia, nikahamia. Wiki ya tano hii. Nimemwambia natafsiri nyaraka, ndiyo maana taa yangu inawaka usiku. Kodi nalipa kwa wakati, simdhulumu mtu.

Bibi Riwaya
Eeh! Mimi nilidhani nyumba ni gofu.

Mwanasheria Uchwara
Kuigusa nyumba si neno sana. Mambo huanza ukimgusa mtu. Je, mwenye nyumba yumo riwayani?

Kalamu Kavu
Kuna mhusika ana hali inayofanana kidogo na yake. Nimembadilisha. Yeye hana ndevu, wa kwangu nimempa ndevu.

Mwanasheria Uchwara
Ndevu si kinga. Mwaka 1934, London, Princess Irina Youssoupoff wa Urusi aliishinda kampuni ya filamu ya MGM kwa filamu yao ya 1932 iliyohusu Rasputin, yule mtu wa dini wa Urusi. Jina lake halikutajwa, mhusika aliitwa Natasha. Mahakama ikaona waliomfahamu wanaweza kumtambua, akalipwa pauni 25,000. Baada ya kesi ile ndipo sentensi ya "wahusika wote ni wa kubuni" ikaenea kila mahali, na hiyo nayo ukiiandika haikufuti makosa. Wanaangalia kama jirani yake akisoma atasema "huyu ni fulani". Fulani wako anafanya nini humo kitabuni?

Mpita Njia
Nimevuta kiti.

Kalamu Kavu
Basi ngoja niseme yote, maana naona mtanitoa roho.

Ni mgane. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, kwenye yale maji nyuma ya nyumba. Ilikuwa ajali, alikwenda kufunga mtumbwi upepo ulipoanza. Mimi sikumuuliza, alinisimulia mwenyewe, tumekaa barazani, jioni tatu mfululizo. Namna upepo ulivyobadilika, alivyoshika taa vibaya, viatu alivyovikuta. Nikirudi chumbani naandika. Sura ya 9 hadi 14 ni hizo jioni.

Kwenye riwaya, mume ndiye aliyemuua.

Mhariri ameshasoma sura hizo 14, amesema hajawahi kuona nimeandika hivi. Siwezi kumwambia sasa nirudi nyuma. Na kwa utaratibu wa riwaya hizi mume anasingiziwa hadi karibu na mwisho, halafu inaweza kujulikana ni mwingine. Bado sijaamua.

Shangazi Kiona
Kwa hiyo ulikuja kutuuliza mandhari mnayatoa wapi.

Mtu wa Ibada
Ndugu zangu, huu ni uongo juu ya uongo. Uliingia kwa jina la kazi isiyo yako, ukanywa machozi ya mtu, sasa unataka tukubariki. Toka humo, omba msamaha, hiyo kazi utafute nyingine.

Komeo
Mtu wa Ibada, punguza. Mimi niliwahi kutengeneza mlango wa mama mmoja, akanisimulia ndoa yake yote, na nyumbani nikamsimulia mke wangu. Sote tunabeba. Tofauti yake huyu anachapisha.

Chapa Mbili
Hakuna aliyewaza kwamba labda huyo mzee KWELI alimuua? Jioni tatu mfululizo anasimulia bila kuulizwa? Dada, hama usiku huu. Begi liache.

Mpita Njia
Viatu alivyovikuta… mimi mwili umesisimka.

Kalamu Kavu
Chapa Mbili, usiseme hivyo. Na si mzee.

Shangazi Kiona
Haya. Si mzee.

Kalamu Kavu
Shangazi, hakuna kitu. Tunakula meza moja kwa sababu jiko ni moja.

Taa ya Chemli
Jamani subirini. Hebu panga vitu mezani. Nyumba ya peke yake kilimani. Njia moja, mvua ikinyesha haipitiki. Mgane asiye mzee. Mke amefia majini. Mpangaji mwenye siri. Jiko moja. Na kila tukichoka, bandiko jipya linakuja na siri mpya kidogo, mwishoni kabisa mwa aya.

Hii ni chai. Huyu hana nyumba wala mgane. Ametumwagia muhtasari wa riwaya anaangalia tunashtuka wapi. Shangazi kamsaidia kupanga mazungumzo, Komeo kampa mlango, Mwanasheria kampa kesi.

Chapa Mbili
Aisee. Na mimi kanipa nafasi ya yule jirani anayesema "hama usiku huu".

Mtu wa Ibada
Nilijua tangu mwanzo.

Mpita Njia
Hukujua. Ila kama ni chai, imekolea tangawizi, aendelee kumimina.

Bibi Riwaya
Msiwe wepesi. Agatha Christie alipotea Desemba 1926, gari likakutwa halina mtu, polisi na wananchi wakamsaka siku 11. Alipatikana hoteli moja kule Harrogate, amejiandikisha kwa ubini wa hawara wa mumewe. Wako waliosema anatafutia vitabu vyake soko. Mama yake alikuwa amefariki mwaka huo huo na ndoa imepasuka. Anayeandika mikasa na yeye hupatwa na mkasa, na ni yeye peke yake ambaye hataaminiwa.

Taa ya Chemli
Bibi, nakuheshimu, ila Christie hakufungua uzi.

Shangazi Kiona
Tumalize. Kalamu Kavu, tuambie kitu cha nyumba hiyo ambacho usingekiweka riwayani. Usitupe upepo wala viatu.

Kalamu Kavu
Sawa.

Bafuni kuna beseni la bluu lililopasuka, limezibwa kwa gundi, na gundi yenyewe inavuja. Paka wake ameniambukiza choa mkononi. Hatuzungumzi mapenzi, tunabishana nani kaacha taa ya stoo inawaka. Yeye anasema mimi, mimi nasema yeye, na huwa ni mimi. Anaguguna kucha akisoma.

Mkewe alikuwa na tabia ya kuandika tarehe kwenye kila betri anayoiweka, kwa kalamu ya wino, ili ajue imedumu muda gani. Wiki iliyopita saa ya sebuleni ilisimama. Akaishusha akafungua nyuma, nilikuwa nimemshikia betri mpya. Ile ya zamani ilikuwa na mwandiko wa mkewe. Akaiangalia, akairudisha palepale, akaitundika saa ukutani. Mpaka leo inasema saa nne na dakika ishirini, na ile betri mpya iko mfukoni mwa koti langu.

Hilo sijaliandika. Nimejaribu mara mbili nikafuta. Mume aliyeua hawezi kufanya vile, sura zote sita zinaanguka.

Mpita Njia
…

Taa ya Chemli
Kama hiyo nayo umeibuni, basi huna haja ya nyumba ya mtu.

Shangazi Kiona
Mwambie wewe kabla kitabu hakijamwambia. Mpe hizo sura asome, na kama atakutupia virago nje, utakuwa umeondoka.

Kalamu Kavu
Nikimpa sasa nakosa nyumba na tarehe ya mhariri kwa pamoja. Nilifikiria nimalize kwanza, halafu nimpe kikiwa kizima, aone mwisho si yeye. Nimeshaanza kuubadilisha mwisho.

Mwanasheria Uchwara
Jana ulisema bado hujaamua.

Mpita Njia
Samahani kuwatoa kwenye mada, huyo mhariri wako anapokea miswada ya watu wapya?

Komeo
Dada, mlango wa hiyo stoo ya kweli, ile mnayogombania taa, unafunguka ndani au nje?

Kalamu Kavu
Nje. Unagonga ukuta wa jikoni ukifunguka. Kwa nini?

Komeo
Basi bawaba ziko upande wa jikoni. Sura ya 14 mdada wako hatoki na kijiko. Inabidi mtu amfungulie.