Simbu na Petros muda sawa 2:09:48: mshindi wa marathon anapatikanaje?

Mzee_wa_Lami
Wakuu, naomba kueleweshwa. Mashindano ya dunia ya riadha, Tokyo 2025, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros wote wameandikiwa 2:09:48, lakini dhahabu kabeba Simbu. Kwa nini wasigawane? Swali la pili: matokeo ya mbio zetu za mjini huwa na muda wa bastola (tangu mlio wa kuanzisha mbio) na muda wa chipu (tangu wewe mwenyewe uvuke mstari wa kuanzia). Kama wa tano ana chipu nzuri kuliko wa nne, nani kamshinda mwenzake?

Saa_Mkononi
Mkuu, muda na nafasi ni vitu viwili. Nafasi inaamuliwa na kiwiliwili: nani kakitanguliza kwenye ukingo wa mstari ulio upande wa wakimbiaji. Kichwa, shingo, mikono na miguu havihesabiwi.

Muda wa barabarani huandikwa kwa sekunde kamili, na chembe yoyote inayozidi inapandishwa. 2:09:47.1 na 2:09:47.9 zote zitasomeka 2:09:48. Ndiyo maana kwenye karatasi wako sawa, ila picha ya mstari ilionyesha Simbu katangulia kwa sekunde 0.03. Fainali ya mita 100 wanaume, mashindano hayo hayo, pengo la wawili wa kwanza lilikuwa 0.05!

Chipu haiwezi kuamua kitu kama hicho. Ipo kwenye kiatu au nyuma ya namba ya kifuani, na inasomwa inapopita kwenye mkeka. Mguu unaweza kufika kifua kikiwa bado nyuma.

DadaWaPesi
Hilo la pili: wa nne ndiye mshindi. Mashindano yanahesabiwa kuanzia bastola, na sababu yake ni ya haki kabisa. Ukianza dakika tatu nyuma, aliye mbele hakuoni, hawezi kukujibu ukiongeza kasi. San Francisco mwaka 2008, kwenye mbio za wanawake, aliyeanza na kundi la kawaida alikuwa na muda bora kuliko waliotangazwa washindi kutoka kundi la mbele. Malalamiko yakawa makubwa mpaka waandaaji wakamtambua naye kuwa mshindi.

Chipu ina kazi yake: kupima kiwango chako na kuombea nafasi kwingine. Marathon ya Boston, kwa mfano, wanaipokea. Zawadi za rika ndizo zenye utata, maana baadhi ya waandaaji hutumia chipu na wengine bastola. Soma kanuni kabla ya kulipia, na kama unawinda zawadi, simama mbele kwenye kundi la kasi yako.

Mzee_wa_Lami
Nimewaelewa. Sasa ile 0.03 mtu anaipataje?

Saa_Mkononi
Wengi huipoteza wenyewe. Kosa la kwanza ni kuinamia saa ili kuizima: hatua mbili tatu za mwisho zinafupika. Izime ukishavuka. La pili ni kuinua mikono mapema, kifua kinarudi nyuma.

Lenga alama iliyo mita tano hivi kupita mstari, ukimbie mpaka hapo bila kupunguza. Kifua kisukumwe mbele kwenye hatua ya mwisho tu, mikono ikirudi nyuma. Ukiinama mita kumi kabla, magoti hayapandi tena na unaanza kujikwaa. Kujirusha nako ni bahati nasibu: Petros alijirusha, na fedha ndiyo aliyopata.

DadaWaPesi
Na msiifanyie mazoezi mkiwa hamjachoka. Malizia mbio ndefu kwa mita 100 za kasi mara nne, ukitembea dakika moja kati yake. Miguu ya kilomita ya 42 si ile ya asubuhi.