Nashika karata nzito nakutana na nzito zaidi, wakuu nifanyeje?

Seti_Tupu:
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri hasa kwa wale wa poka ya Texas Hold'em, meza za pesa sio mashindano. Mimi sio mgeni kabisa, karata mbovu natupa, siingii ovyo, lakini kuna kitu kinanimaliza, kila nikipata mkono wa maana basi pale mezani kuna mtu ana wa maana kuliko wangu. Nawapa mifano miwili.

Wa kwanza nina tisa mbili mkononi. Jamaa kapandisha kabla ya flopu (kadi tatu za kwanza za mezani, za wote) nikamfuata, flopu ikaja kingi, tisa, nne, zote aina tofauti. Yaani nina seti (tatu za namba moja) ya tisa! Kabeti, nikapandisha, akapandisha juu yangu, nikaweka zote. Anafunua kingi mbili. Hapo nabaki kuiombea tisa moja tu iliyobaki kwenye deki na wala haikuja.

Wa pili nina jeki na kumi za kopa. Flopu sita ya kopa, sita ya pau, mbili ya kopa. Nabeti, jamaa anafuata. Kadi ya nne kingi ya kopa, flashi yangu (karata tano za aina moja) imetimia, nabeti tena anafuata kimyaa. Ya tano ni tatu ya uru, haimsaidii mtu, nikabeti kubwa jamaa akasukuma zote katikati. Nikafuata palepale. Ana mbili mbili mkononi, yaani ful hausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine, inaipita flashi) alikuwa nayo tangu flopu!!

Sasa hizi ningezitupaje? Au hizi programu za mtandaoni zimechezewa?

pita_njia:
Dawa ni kuacha kamari mkuu.

Seti_Tupu:
Asante kwa kupita.

Kibarua_wa_Blaindi:
Kabla sijasema kitu, umeacha jambo kubwa sana. Mlikuwa na chipu kiasi gani? Usiniambie pesa, niambie ni blaindi kubwa (ile beti ya lazima ya kuanzia) ngapi.

Seti_Tupu:
Ile ya kwanza kama 100 kila mmoja. Ya pili nilikuwa nimeshashinda pale na yeye pia anazo, tuseme 250.

Kibarua_wa_Blaindi:
Ndo nilichotaka kujua. Hivi visa viwili umevifunga mzigo mmoja kumbe havifanani hata kidogo.

Ile ya tisa huna la kujilaumu. Hesabu mwenyewe, flopu ina kingi moja na wewe una tisa, mtu anayeweza kukupandishia vile anaweza kuwa na nini? Esi mbili zinapatikana kwa njia 6. Esi na kingi njia 12, maana zimebaki kingi tatu na esi nne. Nne mbili njia 3. Zote hizo umezipita. Kingi mbili ni njia 3 tu. Sasa kwa blaindi 100 ukitupa seti hapo kwa kuogopa hizo njia 3, wale wengine wote watakula pesa yako bure. Siku karata zikigeuka, wewe una kingi yeye ana tisa, na yeye ataweka zote vilevile na utamla.

Ya pili ndo nina ugomvi nayo. Flashi yako kubwa yake ni jeki, kingi iko mezani, so mwenye esi au kwini ya kopa pamoja na kopa nyingine yoyote keshakupita. Halafu sita mbili zimelala pale tangu flopu. Mtu anakufuata, anakufuata, kisha kadi ya mwisho anarusha blaindi zaidi ya mia, tena anajua wewe umebeti njia nzima. Niambie ni mkono gani unaopigwa na jeki ya kopa ambao ungesukumwa namna ile? Mwenye sita moja angefuata tu. Unabaki na blafu (kubeti bila kitu) peke yake.

Shupaza_Kali:
Mimi sikubaliani sana mkuu, kuna watu wanablafu pale kila siku, wanaona kopa tatu wanajifanya wanayo esi. Ukitupa flashi kirahisi watakuonea.

Kibarua_wa_Blaindi:
Wapo, ndo maana namuuliza mwenye uzi, yule jamaa umeshamuona akipandisha kadi ya mwisho bila kitu?

Seti_Tupu:
Hapana. Huyo ni wa kufuata tu, anapandisha mara mojamoja sana.

Kibarua_wa_Blaindi:
Haya, umejijibu.

binti_wa_deki:
Kuhusu programu kuchezewa, ukikaa meza ya kawaida na mgawaji wa kadi unaona kama raundi 30 kwa saa, mtandaoni meza moja inafika 60 hata zaidi, na wengi wenu mnafungua meza tatu kwa mpigo. Majanga yaleyale yanakuja kwa kasi kubwa, lazima uhisi unaandamwa. Watu wawili wenye pea kugongana seti kwa seti kwenye flopu ni kama mara 1 katika 100, ukicheza sana utaikuta tu na mara nyingine ni wewe utakayekuwa juu, sema ile haikai kichwani. Cha kukusaidia ni akiba, usiwe na viingilio (pesa ya kukalia meza mara moja) vitano ukategemea kupona, wengi husema angalau 20 au 30 vya meza unayocheza.

mzee_foldi:
Vijana mnalia na flashi ya jeki? 2008 kwenye World Series of Poker, mashindano yenyewe makubwa, Motoyuki Mabuchi alikuwa na esi NNE. Akafunuliwa royo flashi (mkono mkubwa kuliko yote) na Justin Phillips. Ingekuwa mimi ningeondoka na kiti.

Seti_Tupu:
😂😂 duh. Kibarua swali moja tena, ile ya pili nisingebeti kabisa kadi ya mwisho?

Kibarua_wa_Blaindi:
Beti, ila ndogo, kama theluthi ya mzigo uliopo mezani. Mwenye sita atakulipa, mwenye kingi atakulipa. Yule wa kufuata tu akipandisha, tupa usigeuke nyuma.

Seti_Tupu:
Na kama ya tano ingekuwa kopa nyingine?

Kibarua_wa_Blaindi:
Kopa nne mezani? Hapo unagonga meza unapita bila kubeti, jeki yako ya nini.