Mrejesho: Alaina usiku tu, au na mchana?

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa kama naweza kuvaa alaina, zile plastiki angavu za kunyoosha meno, usiku tu, maana kazini naongea na wateja kutwa na zilikuwa zinanipa kithembe. Asanteni wote, hata mlionicheka.

Nimemfuata aliyesema saa 22 kati ya 24, unavua wakati wa kula na kupiga mswaki tu. Kabla ya hapo nilijaribu usiku tu wiki tatu. Trei mpya, yaani alaina inayofuata, ikagoma kukaa, daktari akanirudisha kwenye ya nyuma. Kithembe chenyewe kiliisha baada ya siku nne hivi za kuvaa kutwa. Nilikuwa nahangaika bure!

Nilipofeli ni chai ya saa nne. Nilikunywa ya moto bila kuvua, plastiki ikapinda. Nyingine niliifunga kwenye tishu, ikatupwa na taka. Sasa natembea na kikopo chake.

Jino moja la chini bado halijageuka, nimeongezewa trei sita. Daktari anasema kuvaa usiku tu kutakuja baadaye, meno yakishanyooka, kwa ile ya kuyashikilia yasirudi.