Namtafuta Redio, tuliachana Desemba 1997. Tranka lake bado liko kwangu

Mama Viazi wa Njombe

Kamwene wadau. Mimi nauza viazi mviringo hapa Njombe, kuandika si kazi yangu, nivumilieni.

Mwezi uliopita wenzangu wa sekondari wameniingiza kwenye kundi la WhatsApp. Tulisoma shule ya bweni ya wasichana Iringa, tukamaliza kidato cha nne 1998. Sasa hivi tuko 41. Wiki ya kwanza sikulala: picha za njuka wenye vichwa vya kunyolewa, ugomvi wa nani alikuwa anamaliza ukoko wa makande, nani alimwaga maji ya moto ya kiranja ule mwezi wa saba wa baridi kali. (Ni mimi. Bado sijakiri.) Mmoja ni muuguzi, mmoja yuko Uingereza, watatu tumeshawazika. Halafu mtu akauliza, "Redio yuko wapi?" Kundi zima likaanza kuniuliza mimi, maana mimi ndiye niliyelala kitanda cha chini, yeye cha juu. Baridi ikizidi alikuwa anashuka na blanketi lake, tunalala wawili kwa mablanketi mawili.

Jina lilitokana na hivi. Taa zikizimwa anaweka kikombe cha bati mdomoni, anasoma matangazo ya vifo kama yale ya Redio Tanzania, sauti ileile, na mapumziko yaleyale. Alitangaza kifo cha uji uliomwagika, cha kandambili iliyokatika, cha penseli ya mwalimu wa hesabu. Siku tuliyopelekwa Kalenga kuona fuvu la Mkwawa alisubiri mwalimu atoke, akaanza: "Tunasikitika kutangaza kifo cha Mtwa Mkwawa kilichotokea 1898. Kichwa kimewasili 1954. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo, hasa waliochelewa msiba." Tulicheka mbele ya fuvu lile, Mungu atusamehe. Tulifyeka nyasi siku tatu.

Desemba 1997 shule ikafungwa, mvua za El Niño zimeshapamba moto. Kwao Makete, kwetu Njombe mjini, wakati huo kote ni mkoa wa Iringa. Mpaka Njombe lami ipo, tukafika vizuri. Kutoka hapo ilikuwa ni kudandia lori kwenye matope, na dereva akasema tranka halipandi. Redio akaliacha kwetu. Tranka la kijani, kufuli dogo. "Januari nikipita nalichukua."

Januari hakupita. Shuleni tulisema barabara imekatika. Februari tukasema barabara. Mwezi wa tatu mwalimu akaacha kumwita jina, na mimi sikuuliza.

Sasa jambo linalonikaa rohoni. Mama yangu alivunja kufuli mwaka uleule ili aweke maharage. Ndani kulikuwa na sketi, daftari moja lililojaa matangazo ya vifo aliyoyatunga, na sweta la shule, zuri kuliko langu. Nililivaa mimi. Kidato cha nne chote nimevaa sweta la Redio, nikijiambia akirudi nalivua.

Tranka ninalo mpaka leo, nahifadhia unga. Naomba mnisaidie: mtu wa namna hii unaanzia wapi kumtafuta? Na ukimpata, unaanza na lipi?

Mzee wa Gangilonga

Kamwene Mama Viazi. Sisi tulikuwa wavulana wa shule ya jirani, tulioletwa kwenu Jumamosi kwa disko, mwalimu wa zamu anapita na tochi kupima nafasi kati ya mvulana na msichana. Kuna binti wa kwenu alishika kikombe mbele ya ukumbi mzima akatangaza kifo cha viatu vyangu. Soli ilikuwa imefunguka kweli, nimeifunga kwa waya. Sikurudi disko mpaka namaliza shule. Kama ndiye huyo, mkimpata mwambieni nimeshanunua vingine.

Ushauri: nenda shuleni, omba rejista ya waliopokelewa mwaka wenu. Pale huwa wanaandika shule ya msingi mtoto alikotoka na jina la mlezi. Ukishajua shule ya msingi umejua kijiji, na ukijua kijiji mtendaji yupo.

Mkinga wa Mwanjelwa

Dada, kumtafuta Mkinga, sisi watu wa Makete, kwa jina la shule ni kupoteza nauli. Akiolewa ni Mama fulani, akifungua duka anaitwa jina la duka. Mimi nilikuwa na meza Mwanjelwa, Mbeya, soko lilipoungua 2006. Wenzangu wa mstari mmoja leo wako Tunduma, wengine Kariakoo, na majina ya utotoni ya wengi wao siyajui hata leo.

Lakini nikwambie kitu kingine. Usiilaumu barabara peke yake. Miaka ile Makete tulikuwa tunazika. Ukimwi uliingia nyumba kwa nyumba, unatoka msiba huu kofia iko mkononi unaingia mwingine. Binti wa kwanza anaacha shule, anakuwa mama wa wadogo zake. Dada yangu mimi ni hivyohivyo, alikuwa kidato cha pili, akatulea wanne. Hakuwahi kumwandikia rafiki yeyote barua. Angeandika nini?

Taja alikuwa anatokea upande gani.

Kipanga Mstaafu

Mimi niko tofauti kidogo. Miaka yote hiyo tranka liko ndani na Makete hujafika, leo ndiyo moyo umekumbuka kwa sababu ya WhatsApp? Watu wengine hawapendi kukumbushwa shule ambayo hawakuimaliza. Na makundi haya wote tunayajua: wiki ya kwanza picha, ya pili michango ya harusi.

Mama Viazi wa Njombe

Kipanga, kuhusu michango umesema kweli, tumeshachangishwa mara mbili. Na hilo la kutofika Makete sina jibu. Viazi vyangu vingine navinunua hukohuko.

Mkinga, asante. Nimesoma maneno yako nikafunga duka mapema. Yeye alikuwa wa kwanza kwao, na wadogo zake walikuwa watatu. Kijiji nimesahau, ila hospitali aliyokuwa anaitaja ni Bulongwa. Ni Mlutheri.

Ticha wa Makete

Shikamoo Mama Viazi. Mimi ni mwalimu wa msingi, mgeni huku, mwaka wa tatu sasa. Sitaki kukupa tumaini la bure. Ila usharikani kwetu kuna mama mmoja ndiye msoma matangazo, na watu huwa hawatoki kabla hajamaliza. Jumapili iliyopita alisema, "Tunasikitika kutangaza kupotea kwa mbuzi wa mzee wa kanisa. Habari ziwafikie wote waliokula supu Ijumaa." Mchungaji alishamwonya. Umri unaweza kuwa kama wako.

Mama Viazi wa Njombe

Marahaba mwanangu. Mikono inatetemeka. Mwulize tu kama anakumbuka tranka la kijani. Sweta usilitaje kabisa.

Mzee wa Gangilonga

Huyo ndiye. Viatu vyangu vinamtambua.

Ticha wa Makete

Nimemfuata leo baada ya vipindi, nimemkuta anapalilia. Nilivyosema tranka la kijani akaegemea jembe, akanyamaza mpaka nikaona nimekosea mtu. Halafu akauliza, "Na sweta langu?"

Mama Viazi wa Njombe

Liliisha viwiko 1999, mama akalifumua, akamfumia kofia mtoto wa kaka yangu. Mwambie... hapana, usimwambie kitu. Mwombe namba, akikubali nitumie faragha. Nitamwambia mwenyewe.