Alda ya kinamasini: niing'oe au niiache?

Mama Rehani: Wadau habarini. Naishi Marekani, rasi ya Delmarva kwenye pwani ya mashariki, upande wa Maryland. Nyuma ya nyumba nina kibonde ambacho hakikauki. Juzi nikivua samaki nimeona kichaka kirefu, mizizi majini, kimening'iniza mikia ya maua. Mzee wa hapa anasema ni alda ya pwani, mti adimu. Pembeni kuna mche wa kimo cha goti. Nije na jembe niung'oe, nikaupande kibondeni kwangu?

Mchimbamfereji: Dada, jembe liache kwanza. Septemba hii alda ya kawaida ya mitoni nayo ina mikia, ila imefumba, inangoja mwisho wa baridi. Hiyo ya pwani, *Alnus maritima*, huchanua sasa hivi. Ulitingisha?

Mama Rehani: Nilitingisha. Mkono ulijaa unga wa njano!

Mchimbamfereji: Basi ndiyo yenyewe, hongera. Duniani kote inaota porini sehemu tatu tu: hapo kwenu Delmarva, Oklahoma zaidi ya kilomita 1,500 mbali, na kinamasi kimoja cha jimbo la Georgia. Mche uache. Mwombe mwenye ardhi mbegu. Maua ya mwaka huu yatakomaza vitunda mwakani, kwa hiyo tafuta vile vya maua ya mwaka jana, vigumu kama vya msonobari ila vidogo. Vikianza kufunguka, chuma vichache. Mbegu zichanganye na mchanga mbichi, zikae kwenye friji wiki kadhaa.

Mkiga wa Kabale: Huku Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, tunapanda alda nyingine, ya milima ya Amerika Kusini, kwenye kingo za matuta. Mizizi ina vinundu vyenye bakteria wa kushika naitrojeni, maharage yanafurahi. Mama Rehani, chota na konzi ya udongo chini ya mti mama, uchanganye kwenye kitalu.

Babu Kitalu: Mnahangaika na maji bure. Ukiipanda bustanini inakubali hata udongo wa kawaida. Kinamasini imejificha kwa sababu miti mirefu inaishinda huko pakavu. Adui yake kivuli. Hicho kibonde kinapata jua?

Mama Rehani: Mh. Asubuhi tu, babu. Mchana miti ya jirani inafunika kote.

Babu Kitalu: Basi panda karibu na nyumba, penye jua.

Mama Rehani: Penye jua ndipo penye banda la kuku. Naenda kuongea na jirani kuhusu matawi, na hao kuku wenyewe tayari wametugombanisha.