Nyuzi zinajazana chini ya kitambaa, cherehani inakwama. Naombeni msaada

Mshono Taratibu: Habari zenu wakuu. Tangu juzi cherehani inanitesa. Juu mshono unaonekana safi, nikigeuza kitambaa nakuta furushi la nyuzi zimesokotana. Nikishona kidogo tu inagoma, gurudumu halizunguki, inabidi nipitishe mkasi chini ndipo kitambaa kitoke. Nimebadilisha uzi, nimebadilisha sindano, nimetia mafuta. Nina magauni mawili ya watu. Naona uzi wa bobini, ule wa chini, umelegea, ile skrubu ya kasha la bobini niikaze kiasi gani?

Fundi Kimya: Pole dada. Skrubu iache kwanza. Nyuzi zikijazana chini, mara nyingi mwenye kosa ni uzi wa juu. Haujabanwa, ile ndoano ya chini inayounasa uzi inauvuta na hakuna kinachourudisha. Inua mguu unaokandamiza kitambaa, tunga upya tangu kwenye kigurudumu cha uzi. Mguu ukiwa juu vile visahani vya kubana uzi vinaachana na uzi unaingia katikati, ukiwa chini vimebana na uzi unapita kando. Ukimaliza shusha mguu, vuta uzi karibu na sindano. Ukija bure bila kugoma, haujaingia.

Mama Pindo: Mwanangu, kazi ya mtu haipokelewi chombo kikiwa kibovu. Mpigie mwenye gauni mapema umwambie ukweli.

Kitambaa Laini: Mimi nililaumu uzi mwezi mzima, kumbe sindano nimeipachika kinyume! Ule upande bapa wa shina unatakiwa uelekee ndoano inakopita. Niliharibu shuka zima. Mpaka leo nikibadilisha sindano naipapasa kwa kidole kabla ya kukaza.

Mshono Taratibu: Nimetunga mguu ukiwa juu, furushi limepungua. Ila sasa uzi wa chini unakatika. Skrubu nilikuwa nimeshaikaza kidogo.

Fundi Kimya: Kidogo ni kiasi gani? Na bobini ni zile zilizokuja na cherehani?

Mshono Taratibu: Bobini zinaingia vizuri tu. Swali langu ni la skrubu.

Fundi Kimya: Dada, hujanijibu.

Mshono Taratibu: Haya. Bobini ni mpya, nilinunua pakiti kwa sababu za zamani zilikuwa chache. Skrubu nimeizungusha mara mbili kamili. Na cherehani si yangu, ni ya mama mkwe, yuko safarini, anarudi Jumamosi. Sikuiiba, huwa ananiruhusu, ila safari hii sikumuuliza. Nimeshafungua bamba la chini, nataka nitoe ndoano maana jirani kasema imehama majira, yaani haikutani tena na sindano kwa wakati. Nikiisogeza mwenyewe nitamaliza leo leo.

Mama Pindo: Jumamosi! Mpigie mama mkwe sasa hivi, usingoje ajionee mwenyewe.

Fundi Kimya: Ndoano usiiguse! Majira yakihama, dalili ya kwanza ni mishono kuruka, na wewe hujasema inaruka. Ukiisogeza utakuwa na ubovu wa pili juu ya wa kwanza.

Mdadisi: Samahanini wakuu, mimi siamini. Mwanzo alibadilisha uzi na sindano tu, baadaye bobini mpya, sasa mama mkwe na safari. Kila akiulizwa kinazuka kipya. Hii imetungwa ili tuchangie.

Kitambaa Laini: Hata mimi nilianza kujiuliza. Bobini moja inaingiaje kwenye kasha la nyingine?

Fundi Kimya: Inaingia, hilo halina ubishi. Bobini ya daraja la 15 na ya daraja la L zote zina upana wa milimita 20 hivi. Kimo ndicho kinatofautiana: ya 15 ina karibu milimita 11.7, ya L karibu 9. Ile fupi ikikaa kwenye kasha la ndefu inachezacheza, uzi unatoka kwa kushtuka.

Mshono Taratibu: Mdadisi, ningekuwa natunga ningejitungia aibu hii? Nilificha kwa kuona haya. Nimeweka rula mezani. Ya mama mkwe ni ya chuma, bado ina uzi mweupe umebaki mizunguko michache, kimo chake kinakaribia 12. Yangu ni ya plastiki, inaishia kwenye 9. Nikizisimamisha pamoja tofauti inaonekana wazi kabisa. Sikuwahi kuzilinganisha.

Mdadisi: Hapo nimekuelewa dada. Niwie radhi.

Fundi Kimya: Sasa fanya hivi. Rudisha skrubu mizunguko ile ile miwili. Safisha vumbi chini ya kile kibati cha kasha kinachobana uzi, kwa ncha ya karatasi, siyo ya chuma. Jaza bobini ya mama, iweke, kisha ninginiza kasha kwa uzi wake. Likitulia hewani, na ukitikisa mkono kidogo likashuka kidogo na kusimama, umepata. Likiporomoka, kaza kwa robo ya mzunguko. Lisiposhuka, legeza hivyo hivyo.

Mshono Taratibu: Mara ya kwanza liliporomoka hadi mezani. Robo ya mzunguko, likashuka kama upana wa vidole viwili na kusimama. Nimeshona kipande cha majaribio, juu na chini pamefanana. Bamba nimelirudisha, ndoano sikuigusa. Mama mkwe nitampigia jioni, kabla hajaanza kurudi.

Kitambaa Laini: Fundi, yangu inaruka mishono kwenye kitambaa cha kuvutika tu, kwingine iko sawa. Nikuulize hapa hapa au nifungue mada nyingine?