RAM imekataa kuingia

Idi: jamani nani yupo hewani? naunganisha kompyuta yangu ya kwanza, RAM (kijiti cha kumbukumbu) haiingii kwenye mazabodi, ile bodi kuu, nimeipachika upande huu nimeigeuza upande ule bado inagota tu katikati

Idi: (picha)

Kombo: toa mkono hapo kwanza!! usiigandamize

Mama Idi: Umekula lakini?

Idi: nakuja mama dakika mbili

Mjomba Seif: Habari za jioni ukoo.

Idi: shikamoo mjomba

Mjomba Seif: Marahaba. Soma kibandiko cha hiyo RAM afu usome na jina la mazabodi, niandikie vilevile kama ilivyo.

Idi: RAM DDR5 kasi 6000, vijiti viwili vya GB 8. mazabodi ni B550M

Kombo: 😂😂😂 basi tumeshafika

Idi: tumefika wapi? mi niliangalia kabla ya kununua, DDR4 pini 288 na DDR5 pini 288, nikajua ni kitu kimoja hii ya 5 ndo mpya zaidi. afu hii ilikuwa inawaka mataa

Dada Rehema: yani ulinunua taa 🙈

Mjomba Seif: Pini ni idadi moja kweli, ila tazama ule mkato kwenye meno ya chini. Wa DDR4 na wa DDR5 haupo sehemu moja, umesogezwa kidogo. Wamefanya makusudi mtu asichanganye, maana hata umeme wake ni mbalimbali, DDR4 inakula volti 1.2 na mazabodi ndo inaipangia, hiyo DDR5 ni 1.1 na kijiti kinajipangia chenyewe. B550M inataka DDR4 tu, kwa hiyo mazabodi haijaharibika wala RAM haijaharibika, ni wageni tu hawajuani.

Idi: sasa nikibadilisha mazabodi nibaki na RAM yangu?

Kombo: mi ningefanya hivyo, soketi ya AM5, pale inapokaa prosesa yani ubongo wa kompyuta, ndo ya kwenda nayo mbele bana, AM4 ipo toka 2016

Dada Rehema: Kombo subiri. Idi prosesa uliyonayo ni ipi

Idi: Ryzen 5 5600, bado ipo kwenye boksi

Dada Rehema: ehee. hiyo soketi yake AM4, prosesa yenyewe ina pini 1331 zimechomoza chini kama mswaki. AM5 prosesa haina pini kabisa, pini zipo kwenye soketi. ukibadilisha mazabodi kwa ajili ya RAM utabadilisha na prosesa kwa ajili ya mazabodi, yani unanunua nyumba sababu ya pazia

Mjomba Seif: Rudisha RAM tu. Chukua DDR4 3200, vijiti viwili vya 8, basi. 5600 kwa gemu za skrini ya 1080 inatosha sana kwa kompyuta ya kwanza.

Kombo: sawa nakubali ila siku nyingine mtu aanze na prosesa, prosesa ikuambie soketi, soketi ikuambie mazabodi, mazabodi ndo ikuambie RAM. wewe umeanzia mkiani

Idi: na zile mazabodi za Intel nimeona nyingine DDR4 nyingine DDR5 hapohapo?

Kombo: zile za soketi ya LGA1700 ndiyo, ila kila mazabodi inachukua aina moja. ndo maana watu wanaumia, majina yanafanana inatofautiana herufi D4 pale mwishoni

Dada Rehema: boksi la mazabodi yako lina kibandiko cha Ryzen 5000? maana B550 zilitoka kabla ya hizo prosesa, ile ya zamani inaweza isiitambue mpaka uipe BIOS mpya, ile programu ya ndani ya mazabodi

Idi: kipo dada

Dada Rehema: haya poa. na kadi ya grafiki, ile ya kutoa picha kwenye skrini?

Idi: hiyo baadae, naanza bila kadi kwanza nicheze gemu ndogondogo

Kombo: unacheza kwenye giza? 5600 haina grafiki ndani, yenye grafiki ni 5600G. ukiwasha hiyo bila kadi feni zitazunguka vizuri na skrini itabaki nyeusi mpaka kesho

Idi: ALAA

Idi: mbona hamna aliyeniambia

Dada Rehema: ungeuliza kabla ya kununua mataa. mi nina kadi yangu ya zamani GTX 1050 Ti, nakuazima. haitaki hata waya wa umeme inakula hapohapo kwenye sloti, wati 75 tu. ukipata kadi yako RX 6600 unirudishie

Idi: dada Mungu akubariki 🙏🏾

Mama Idi: Hiyo ya umeme ndo ile inayolipuka?

Mjomba Seif: Dada usiogope, hailipuki ukichukua ya maana. Idi pawa saplai yako wati ngapi?

Idi: 550, ile ya waya za kuchomoa

Mjomba Seif: Inatosha, hata RX 6600 ni wati 132. Ila nisikilize kwa hizo waya. Mimi niliwahi kubadilisha pawa saplai nikaona waya za zamani zimeshapangwa vizuri, nikafanya uvivu, nikaziacha nikachomeka kwenye ile mpya. Zikaingia vizuri kabisa. Nikawasha, nikasikia harufu, diski yangu yenye picha zote ikaondoka nayo. Kule kwenye diski plagi ni moja kwa wote lakini upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga inavyojua. Waya zilizokuja na boksi hilo ndo hizohizo utumie, ukipewa nyingine na rafiki kataa.

Shangazi Mwana: Ndo zile picha za harusi yangu Seif???

Mjomba Seif: Tuendelee na kompyuta.

Kombo: 💀

Kombo: Idi na feni ya kupoza prosesa iliyokuja kwenye boksi lake ina dawa ya kijivu ya kupitisha joto chini tayari, usiiguse kidole. prosesa ina kipembetatu cha dhahabu kwenye kona, kilingane na cha kwenye soketi, unaiachia inazama yenyewe

Jumamosi

Idi: jamani muuzaji kanibadilishia, DDR4 hii hapa. imelia kach huku na kach kule mpaka nimeogopa

Dada Rehema: umeweka sloti zipi

Idi: mbili za karibu na prosesa

Dada Rehema: toa. zipo nne, hesabu kutoka kwenye prosesa, weka ya pili na ya nne, ndo vijiti vinafanya kazi viwiliviwili

Idi: tayari. feni zinazunguka, kadi inazunguka, skrini nyeusi 😭

Kombo: waya wa skrini umechomeka wapi

Idi: kwenye HDMI pale juu

Kombo: hiyo ya mazabodi!! shuka chini kwenye kadi

Idi: IMEWAKAAAA

Mama Idi: Alhamdulillah, haya mezani.

Idi: lakini inasema kasi ya RAM 2133, kibandiko 3200, nimeibiwa?

Mjomba Seif: Hujaibiwa. Inaanza taratibu mpaka uiambie. Kwenye BIOS tafuta XMP, ule mpangilio wa kasi ya RAM, nyingine wanaandika DOCP, iwashe, afu sevu utoke.

Idi: (picha)

Idi: 3200

Dada Rehema: kadi yangu irudi na mfuko wake ule wa rangi ya fedha, usiutupe

Idi: mfuko upi dada

Dada Rehema: Idi.